Njia ya Kwenda kwa Bibi

Kila siku, kabla mtoto hajafumba macho, mama alimrudisha kwao kwa mdomo.

"Ukitoka getini, pale shule, unashika mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Unaenda mpaka wapi?"

"Mpaka nisikie nyundo za mafundi wa kuchomelea. Nisiangalie moto wao, macho yatauma."

"Halafu?"

"Halafu matangi mawili yamekaa juu, moja linavuja. Napita chini mbio nisilowe. Halafu mbao zinanukia. Halafu mlango wa kijani, na bibi amekaa nje."

"Bibi anasema nini?"

"Anasema, mke mwenzangu, umechelewa wapi, mume wetu ana njaa."

Hapo walicheka wote wawili, na mtoto akalala. Mama ndiye aliyebaki macho. Yeye hakutoka haraka kule alikokwenda. Alikaa kidogo kibarazani kwa mama yake, akasikia maji yakidondoka tangini, akasikia randa ya maseremala ikivuta ubao, ile sauti kama mtu anayenyamazisha watoto. Alikuwa fundi cherehani huko, cherehani yake ilikuwa mlangoni ili apate mwanga, na kila apitaye alimsalimia kwanza ndipo aende zake. Huku hakuna aliyemjua hata kwa kisogo.

Mtoto walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Baba mtu, fundi bomba, alikuwa ametangulia katika nchi hii, akapata kazi ya kueleweka, akapanga vyumba viwili ghorofani, ndipo akawaita. Vyumba havikuwa na kasoro. Maji yalitoka, mlango ulifungika, jirani hakuwa na kelele. Mama alitafuta cha kulalamikia akakosa, basi badala ya kulalamika akawa anakumbuka.

Kilichomtia hofu kilikuwa kimoja. Siku moja alimsikia Chiriku akiwa peke yake chumbani, anahesabu viatu vyao kwa lugha ya hapa. Akakosea, akajicheka, na hata kule kujicheka kulikuwa kwa lugha ya hapa. Mama alisimama mlangoni kama aliyemwagiwa maji. Huyu atasahau, alijiambia. Leo anasahau hesabu, kesho atamsahau bibi yake, na siku tukirudi ataonyeshwa nyumba kama mgeni. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kumfundisha njia.

"Mfundishe na ya hapa basi," baba alisema.

"Ya hapa ya nini? Mimi nampeleka, mimi namrudisha. Atapotelea wapi, mfukoni mwangu?"

"Mama Chiriku, na siku ukiumwa?"

"Siumwi."

Baba alikuwa mtu wa kushindwa mapema, akarudi kwenye kikombe chake.

Mama alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kila mtu anashika pembe zake mbili, mnalivuta mpaka likaze, mnalikung'uta, halafu mnaendeana kama watu wanaotaka kukumbatiana. Mmoja anampa mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma tena. Ni kazi ya kuonana uso kwa uso siku nzima, hata kama mna ugomvi. Mwenzake wa kukunja alikuwa mwanamke aliyetoka upande wa kina mumewe, wakaitana wifi bila hata kuulizana ukoo.

"Umenuna nini leo?" wifi alimuuliza wakiendeana na shuka.

"Sijanuna. Nawaza tu, saa hizi mama anafagia kibaraza."

"Wewe kila siku unafagia naye. Mwili tumeletewa hapa, masikio umeyaacha kwenu."

"Wewe hukumbuki kwenu?"

"Nakumbuka siku ya mapumziko. Siku za kazi nakumbuka basi la kunirudisha nyumbani." Akampokonya pembe. "Na huyo mtoto unayemkaririsha vichochoro vya huko, kuna siku utaniambia."

Mama alidhani ni maneno ya wifi tu, maana mawifi ndivyo walivyo.

Siku yenyewe ilikuja kama siku nyingine. Mashine ya kukaushia ikagoma, mashuka yakatoka majimaji, na gari la hoteli lilikuwa linangoja nje. Msimamizi akasema hakuna kuondoka mpaka mzigo uishe. Simu zao zilikaa kwenye kikapu mezani kwake, ndiyo sheria ya pale. Mama alitazama saa ya ukutani, akajipa moyo. Shule ina geti, geti lina mlinzi, na mlinzi hamtoi mtoto asiye na mtu wake.

Alipofika shuleni anatweta, uwanja ulikuwa mtupu. Mlinzi alikuwa anafunga mnyororo.

"Wa kwako ameshakwenda," mlinzi alimwambia. Lugha ya hapa mama aliisikia kuliko alivyoweza kuisema. "Nilimwambia asubiri, akaniambia anapajua kwao. Nikamuuliza, haya pataje. Mama, akataja njia yote hakukwama hata mahali pamoja. Wakubwa zake hapa hawawezi. Nikasema huyu kafundishwa huyu."

"Ametaja nini?"

Mlinzi akaanza kuhesabu kwa vidole, anatabasamu. Mkono wa kushoto. Nyundo. Matangi mawili. Mbao. Mlango wa kijani, bibi amekaa nje.

Mama alishika nondo za geti. Nyumbani kwao hapa ilikuwa mkono wa kulia, mwendo mfupi, moja kwa moja. Hakukuwa na nyundo wala mbao njia nzima. Na bibi alikuwa nchi nyingine.

Akampigia mumewe.

"Naelekea nyumbani sasa hivi," baba alisema. "Atakuwa amekaa ngazini."

"Hayupo nyumbani. Ameenda kwa mama."

"Kwa mama yupi?"

"Kwa mama yangu."

Akakata simu.

Mama akashika mkono wa kushoto. Upande huo hakuwahi kuukanyaga tangu afike. Alitembea mbio mbio huku midomo inacheza, anaikariri njia aliyoifundisha mwenyewe, mpaka nyundo. Nyundo gani, mji mzima huu? Akavuka barabara ya kwanza, magari yakampigia honi. Akavuka ya pili. Kisha akazisikia kweli, ko ko ko, nyuma ya ukuta wa mabati. Ilikuwa gereji ya kunyoosha bodi za magari.

"Mtoto wa kike, ana sare, begi kubwa kuliko yeye?"

Fundi mmoja akainua kinyago chake usoni. "Amepita. Ameziba macho kwa mkono, anapapasa ukuta kama kipofu. Tulicheka sana."

Mama hakucheka. Mtoto alikuwa amekumbuka kila kitu. Kumbe alifundisha vizuri hivyo.

Mbele, matangi hakuyaona. Aliona maghorofa na nyaya. Akasimama njia panda, pumzi zimekwisha, kisha akafanya kitu ambacho wapita njia walikishangaa. Alipiga goti pale pale, akatazama kwa urefu wa mtoto wa miaka mitano. Chini ya bango, katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa, ikaonekana sehemu ya kuoshea magari, na juu ya kibanda chake matangi mawili meusi, na ardhi yote imelowa.

Mwanamke mwenye mpira wa maji alimwonyesha kwa kidevu. "Kakimbia hapa chini kama anakimbia mvua."

Baada ya hapo hakuuliza mtu tena. Aliisikia harufu kabla hajafika. Makreti ya mbao, mapya, yamepangwa kwenda juu pembeni mwa ua wa maghala. Ilikuwa ile ile harufu. Kwa dakika ile moja, Mungu amsamehe, miguu yake ilitaka kusimama avute tu hewa.

Kisha akauona mlango wa kijani. Ulikuwa mlango wa chuma wa ghala, mpana, umefungwa. Mbele yake lori lilikuwa limeupa mgongo, injini inanguruma, linaanza kupiga rivasi taratibu kuufuata mlango. Na chini ya mlango, kwenye kizingiti, begi magotini, Chiriku amekaa kama mtu aliyefika.

Dereva alikuwa anatazama vioo vyake, na vioo vya lori havioni kitu kifupi hivyo.

Mama hakungoja. Alikimbilia mbele ya lori akaanza kulipiga kwa viganja vyote viwili, anapiga boneti, anapiga kioo, mpaka likasimama kwa kishindo. Akapenya kati ya lori na ukuta. Pengo lililobaki lilimtosha yeye kwa ubavu.

"Mama," Chiriku alisema, "bibi hayupo. Nimebisha mpaka mkono umeuma."

Mama alimnyanyua, akatoka naye ubavu ubavu, akaenda kukaa naye mbali kwenye kreti. Alimpapasa kichwa, mikono, miguu, kama anayekagua nguo kabla ya kumpa mwenyewe.

"Kwa nini hukunisubiri?"

"Ulichelewa, na mimi njia naijua. Si ulinifundisha?" Akautazama ule mlango. "Wamebomoa kibaraza."

Maneno ya kumgombeza yalikuwepo, mama alikuwa nayo tele, ila hakujua aanze kumgombeza nani. Kina mama wengine huwafundisha watoto uongo wakaja kuulipia. Huyu alifundisha ukweli mtupu, kwa upendo, kila siku bila kuruka, na ukweli wenyewe ulitaka kumlaza mtoto chini ya tairi. Mwenye mtoto ugenini asikie. Njia ya kwanza kumfundisha ni ya mahali anapolala leo. Hizo nyingine zitakuja baadaye, zikipata nafasi.

Dereva alishuka, mkononi ana chupa ya maji. Akasema neno haraka haraka, mama hakulidaka. Chiriku akamjibu, wakasemezana pale kama watu wa mtaa mmoja.

"Anasema tusikae nyuma ya lori hata siku moja," Chiriku alimtafsiria. "Anasema na yeye ana mtoto. Anasema kunywa maji."

Mama akanywa. Lugha ile ile iliyomsimamisha mlangoni kwa hofu, leo ndiyo iliyomwelekeza pa kukaa.

Simu ikalia. "Nimempata," alisema kabla hajaulizwa. Alisikia mumewe akikaa chini, popote alipokuwa.

"Mko wapi?"

Akageuka kulia na kushoto. "Sijui."

"Soma kibao."

"Baba Chiriku, hata kurudi kwetu kutoka hapa sijui."

Dereva ndiye aliyeishika simu, akaelekeza. Baba alifika na begi la spana begani, suruali imelowa magotini. Akambeba mtoto mkono mmoja, begi la shule mkono mwingine, akawa hana mkono uliobaki wa kumnyooshea mtu kidole. Walipofika mlangoni alisema tu, "Ingieni," na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Siku ya mapumziko mama alimpigia bibi, akamweleza yote hakuficha.

"Mwanangu," bibi alisema mwishowe, "hao maseremala walishahama siku nyingi. Hapanuki kitu hapa siku hizi. Na matangi yameteremshwa. Mimi mwenyewe sikai nje tena, miguu inavimba, nakaa ndani na redio."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulivyokuwa unanieleza nyumba yangu ilivyo, ukifurahi hivyo, ningesema nini? Nikaona acha angalau mmoja wetu apaone."

Mama alifuta uso kwa kiganja. Aliona kibaraza kile kikizimika polepole, cherehani, maji, randa, watu wa kusalimia. Hakikuondoka chote, ila kilisogea mbali, mahali pake hasa.

"Usilie, unamtisha mke mwenzangu," bibi alisema. "Na mimi je? Nikija huko nikapotea, nitasema natafuta nani? Hebu nielekeze. Nimesimama getini, hapo shule ya mjukuu wangu. Nashika mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

"Nenda nao. Naona nini?"

Mama akajaribu kuiona. Njia aliyopita kila siku, asubuhi na jioni, ilikuwa tupu kichwani kama shuka jeupe.

"Subiri, mama, usikate." Akavaa viatu, akamshika Chiriku mkono, wakashuka ngazi, wakaenda mpaka kwenye geti la shule, wakageuka, simu sikioni.

"Nimeanza," alisema. "Hapa pana mtu anauza vitasa na funguo."

"Vizuri."

"Ana chongo," Chiriku aliongeza kwenye simu.

"Usimwambie hivyo mwenyewe. Halafu?"

"Halafu hakuna kitu, mama. Ukuta tu."

"Ukuta wa rangi gani?"

Mama akausogelea. Alikuwa ameupita mara zisizo na idadi. Akauwekea mkono.

"Kama pinki," alisema. "Umebanduka huku chini, matofali yanaonekana."

"Haya," alisema bibi. "Endelea."