Bendera Nne za Bwana Kwakifupi

Katika nyumba hii, mwanamke anayejua kompyuta kunishinda mimi hajazaliwa. Katika nyumba hii, yaani. Alizaliwa hospitali, ni mjukuu wangu. Mimi kazi yangu kwenye kompyuta ni kupangusa vumbi, na hata hiyo nilipokonywa siku nilipotumia kitambaa kibichi.

Mjukuu wangu anatengeneza ule mfumo wa chini kabisa, unaoendesha kompyuta yenyewe. Alinieleza hivi: programu ikitaka kufungua faili, haijifungulii. Inapiga hodi kwa mfumo. Na kila hodi inakuja na bendera, kialama cha kusema nifungulie namna gani. Bendera A, nisome tu. B, niongeze mwishoni. C, futa kwanza yote yaliyomo. D, kama pana foleni, nisingojeshwe.

"Sasa nani atakumbuka?" nikamuuliza.

"Hakuna, Bibi. Mtu anataka kuongeza mstari mmoja, anafuta kazi ya mwaka mzima, halafu ananipigia mimi analia."

Sauti yake ilikuwa imechakaa kama ufagio wa sokoni. Chai yake ilishaota utando. Simu ililia mpaka akaifunika kwa mto wa kochi, nayo ikaendelea kulia huko chini kama kuku kwenye tenga.

Alitaka bendera zipewe majina ya kueleweka: SOMA_TU, ONGEZA_MWISHONI, FUTA_KWANZA, na ya nne vivyo hivyo. Na alitaka siku hiyohiyo, maana kesho yake mfumo ulikuwa unazinduliwa. Ukishatoka, jina halibadiliki tena: programu za watu zinakuwa zimelizoea, ukiligusa zote zinaanguka. Ama majina leo, ama vilio mpaka astaafu.

Wa kuamua alikuwa mkuu wake wa kazi. Nyumbani tunamwita Bwana Kwakifupi, kwa sababu kila sentensi anaianza na "kwa kifupi", kisha anaongea mpaka chai inapoa. Alasiri akaja, kompyuta yake kwapani, akaketi hata sijamaliza kumkaribisha.

"Kwa kifupi," akasema, "herufi moja inatosha. Fundi wa kweli anazijua kwa kichwa. Nilizibuni mwenyewe, na sijakosea hata siku moja."

"Mkuu, watu wanakosea kila siku."

"Hao hawasomi maelezo."

Mjukuu wangu akajisugua macho. "Basi, mkuu, ongeza mstari mmoja kwenye faili lako lolote. Hapa hapa. Ukipatia, nakubali herufi zako, sisemi tena."

Hapo nikajua amechoka kweli. Huyu tangu utotoni hajawahi kuacha ubishi hata akiwa na homa.

"Bibi, sogea uone ufundi," mkuu akaniambia.

Nikasogea, magoti yakilalamika kwa niaba yangu. Akachagua faili la juu kabisa, akaandika hodi yake, akaweka bendera, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayeua chawa.

Faili likafunguka. Mstari wake mpya ulikaa pale juu peke yake. Chini yake weupe mtupu.

Alikuwa ameweka C.



"Nilikusudia," akasema, akikunja mikono. "Kwa kifupi, nilitaka kulifuta. Faili la zamani hilo, takataka tu. Nimefanya usafi."

"Pole kwa usafi, mwanangu," nikamwambia.

Kusoma kwangu ni kwa shule ya msingi, polepole, na kwa kidole. Nikakiweka kidole kwenye kioo, pale lilipoandikwa jina la faili.

"Ho-tu-ba... ya... u-zin-du-zi... ke-sho... a-su-bu-hi."

Mjukuu wangu akainua uso, akamtazama. "Una nakala nyingine, mkuu?"

Bwana Kwakifupi akafungua mdomo, na tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza hakikutoka hata hicho kifupi.