Sabuni Ileile

Mafuta ya kutengenezea sabuni yalipopanda bei, Mama Povu, kama majirani walivyomwita, naye akapandisha bei ya sabuni yake. Asubuhi alifungua kibanda maelezo yote yakiwa kwenye ncha ya ulimi.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi cherehani wa jirani.

"Dada yangu, nivumilie. Mafuta yamepanda," Mama Povu alianza.

"Mafuta gani tena? Mumeo kaniambia mmeongeza ukubwa."

Mama Povu akakitazama kipande cha sabuni. Kilikuwa kilekile. Kabla hajajibu, akaingia mwalimu mstaafu.

"Nipe mbili za ile yenye dawa ya vipele. Mama mkwe wako kanieleza yote."

"Mzee wangu, haina dawa. Ni mafuta tu yamepanda."

Mwalimu akamkonyeza. "Najua, mwanangu. Siri ya biashara."

"Kumbe ina dawa?" fundi akadakia. "Basi mimi nipe tatu."

"Jamani, nisikilizeni! Ni ileile ya wiki iliyopita!"

"Ndiyo maana tunakuamini," mwalimu akasema. "Hujisifu."

Mpaka adhuhuri rafu ilikuwa karibu tupu. Mama Povu alikuwa amesema kweli tangu asubuhi na hakuna aliyeisikia. Hakujua acheke au alie, amshukuru mkwewe au amgombeze. Akashika kipande kimoja kilichosalia, akakinusa, akakipima kiganjani, akakinusa tena. Mara akaanza kujiuliza kama huyo bibi hakutia kitu sufuriani.