Frigo la Mama Generose

Sokoni, Tariki aliweza kumuuzia mawese mtu aliyekuja kutafuta chumvi. Nyumbani kwake Kilibula, tangu mama mkwe alipofika, aligeuka bubu. Si kwamba walikosana. Ni heshima tu: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mmoja akiwa na la kumwambia mwenzake hulipitisha kwa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Amandine, mke wa mmoja na binti wa mwingine, na wiki haikuisha kabla hajachoka.

Mama mkwe huyo, Mama Generose, alitoka kijijini Katogota baada ya mto kufurika, ukamwachia mchanga badala ya shamba na kuta mbili badala ya nyumba. Alikuja na jembe, rozari, na kitenge kilichofungwa mafundo kwenye pindo, kila fundo na mbegu zake. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja ya tatu. Kula chakula cha mkwe aliona aibu kubwa, basi alitaka kulima chake. Lakini alime wapi? Uwanja wa Tariki ulitosha kamba ya nguo, choo, na kuku mmoja asiye na makuu.

"Minye niko mu njia tu," alimwambia bintiye. "Mvua ikiisha narudia kwetu. Nipe vyombo vyote vyenye vilitoboka."

Akapewa ndoo ya rangi, sufuria iliyotoboka kitako, birika la udhu lililovuja, na bidoni, yaani madumu ya mawese, zilizopasuka. Bidoni aliziosha kwa majivu na maji ya moto mpaka utelezi ukaisha, akazikata ubavuni, akazitoboa chini kwa msumari uliopashwa moto, akazijaza udongo na samadi ya mbuzi. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa tena ovyo. Mwezi haukuisha, lengalenga, ule mchicha wa kwao, ikafunika uwanja, na Mama Generose akawa na chungu chake kidogo alichokipika nyuma ya nyumba, mbali na macho ya mkwe.

Tariki hakumtazama usoni, lakini vyombo alivitazama sana. Akaona kwamba kila kimoja kilikuwa na mkono wa kushikia. Akaona pia kwamba mama hakupanda ila mboga za haraka. Na kwenye kile kitenge kulikuwa na fundo moja ambalo halikufunguliwa.

"Ile ni marakuja ya kwetu, ile pasheni yenye inatambaa juu ya miti," Amandine akamwambia. "Inaomba karibu mwaka mzima ndiyo izae. Anasema ataipanda kwake."

Maneno hayo yalimchoma Tariki. Mama yake mzazi alifariki yeye angali ananyonya, akalelewa na wajomba waliojua kupima mafuta kuliko kubembeleza. Sasa kila alfajiri, akishamaliza kuswali, alibaki mkekani kumsikiliza yule mama akiimba nyimbo za kanisa chini chini huku akinywesha mboga. Alimpenda, basi. Hakutaka arudi kulala kati ya kuta mbili. Lakini utambembelezaje mtu usiyeruhusiwa kusema naye?

Siku moja Amandine alikwenda ziwani kufua, wakabaki wawili. Mama Generose akasimama mbele ya ndoo ya rangi, akapaza sauti.

"Weye ndoo, ambia mwenye nyumba lengalenga iko tayari. Bibi yake Amandine akirudi, amupikie."

Tariki akageuza mgongo, akakohoa. "Ndoo, ambia Mama asante. Na mawese iko hapa pa mlango, ni yake."

Tangu siku hiyo ndoo haikupata raha. Iliulizwa habari za soko, ikasalimiwa asubuhi, hata ikagombezwa: "Ndoo, juu ya nini mwenye nyumba anakohoa na hataki kuvaa koti?" Amandine alicheka mpaka akakaa chini.

Tariki akapata moyo. "Ndoo, ambia Mama asirudi Katogota."

"Ndoo, ambia mwenye nyumba: mama mukwe hazeekei kwa mukwe wake. Bantu batacheka."

Mvua zikapungua. Asubuhi moja Tariki akamkuta mama akifunga vyombo vyake kwa kamba, viwili viwili, tayari kwa safari. Akatoka bila kunywa chai.

Alirudi na wanaume wanne wamebeba frigo, jokofu kuukuu. Lilikuwa la Masumbuko, muuza samaki wa jirani, lile frigo refu la kulala chini, lenye mfuniko juu, lililokufa zamani na kuota kutu. Mlango wa ua ukalikataa. Tariki akachukua nyundo, akabomoa ukuta kwa mikono yake mwenyewe, Amandine ameshika kichwa.

"Tariki! Weye iko na akili kweli?"

Frigo likaingia, likalazwa penye jua. Akalitoboa chini kwa tindo, kisha akaupandisha ukuta upya, tofali juu ya tofali, kwa saruji nzuri. Alipomaliza, mwenye vumbi mpaka kwenye kope, akaielekea ndoo.

"Ndoo, ambia Mama hii kitu haina mukono. Imeingia, haitatoka tena. Bantu bacheke mpaka bachoke. Minye sina mama mwingine."

Mama Generose akaingia ndani. Hakutoka tena siku ile, na Tariki akajua ameharibu. Amevunja heshima pamoja na ukuta.

Asubuhi, alipomaliza kuswali, hakusikia wimbo. Akatoka haraka. Kamba zote zilikuwa zimefunguliwa. Frigo lilikuwa limejaa udongo mpaka karibu na ukingo, kazi ya usiku kucha, na mama alikuwa amepiga magoti kando yake, anafungua kwa meno lile fundo la mwisho. Mbegu nyeusi zikamwagika kiganjani. Akazifukia moja moja kwa kidole, bila haraka.

"Mwanangu," akaita, "marakuja itapandia wapi? Kata miti."

Tariki, kwa mazoea, akaitazama ndoo.

"Ni weye naita," akasema Mama Generose, akimtazama usoni. "Ndoo haiwezi kukata miti."