Kidonge Shavuni

Nilikuwa nimelala chali. Muuguzi alinibandika nyaya kifuani, kisha akaniwekea kidonge kiganjani. Urefu wake ulikuwa sawa na upana wa kifungo kikubwa cha koti, na kila ncha ilikuwa na kitaa kinachomweka.

"Kina kamera ndani. Meza na funda moja la maji, baba, na usitafune. Hicho ni ghali kuliko meno yako."

Kidonge chenyewe sikukiogopa. Niliogopa kitakachoonekana. Kwa wiki tatu mkate ulikuwa ukinikwama katikati ya kifua, na chai ikipita inachoma. Marehemu kaka yangu alianza hivyo hivyo. Ilipogundulika kuwa ni saratani ya umio, hakumaliza hata miezi mitano.

Nikatia kidonge mdomoni, nikanywa maji.

"Tayari," nikasema.

Daktari aliitazama skrini, akasogea karibu, akakunja uso.

"Mzee, mbona naona magego?"

Muuguzi akanifungua mdomo. Kidonge kilikuwa shavuni, kinamweka. Tukajaribu tena. Maji yakashuka, chenyewe kikahamia shavu la pili.

Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akashindwa kujizuia kucheka.

"Daktari, huyu ni fundi cherehani. Miaka thelathini anashona na pini mdomoni. Ananigombeza nazo, anapiga miayo nazo, hajameza hata moja. Kitu kigumu ulimi wake haukiachii."

"Sikufanya makusudi," nikasema.

"Nani kasema makusudi? Hata pete ya ndoa uliiweka hapo hapo shavuni, shehe akakusubiri."

Daktari hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Dawa za kawaida huwa unamezaje, fundi?"

Nikaona aibu kidogo. "Nina vidonge vya maumivu ya goti. Nikishapanda kitandani nakisukuma kimoja na kidole mpaka nyuma ya ulimi. Halafu nalala."

"Na maji?"

"Maji yananiamsha kwenda msalani."

Daktari akamtazama muuguzi, muuguzi akamtazama yeye.

"Basi kisukume hiki vivyo hivyo. Ila leo kwa maji."

Nikakisukuma, nikameza. Safari hii nilikisikia kikishuka. Wakainua kichwa cha kitanda polepole, hatua kwa hatua, ili kidonge kishuke taratibu, na daktari akaisogelea skrini. Nilihesabu vigae vya ukutani. Nilifika arobaini na moja.

"Hapa," akasema hatimaye. "Unaona hiki kidonda cheupe? Ni kidogo, hakina kina. Kidonge cha goti kimekwama hapa kikayeyuka, kikakuunguza. Kwingine kote ni kuzuri. Uvimbe sioni."

"Si kama wa kaka?"

"Si kama wa kaka yako. Achana na hivyo vidonge, nitakupa dawa nyingine, na urudi baada ya wiki sita tuhakikishe kidonda kimepona."

"Sema tena, daktari. Polepole."

Akasema tena, neno kwa neno, bila kuchoka.

Hapo miguu yangu ikaanza kutetemeka, hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Muuguzi akaleta blanketi.

"Unasikia baridi, baba?"

"Hana baridi huyo," mke wangu akasema, ameficha uso kwenye mtandio. "Mwacheni tu atetemeke."

Wakaniacha.