Mwendo wa Bi Mwanakhamis

Nyumba ya Bi Mwanakhamis pale Kuze ina vidato ishirini na vitatu toka mlangoni mpaka sebule ya juu, na si vidato vya kuchezea. Ni vya mbao za zamani, vyembamba, vimesimama kama vya kukwelea mnazi, na mgeni akivipanda mara ya kwanza hushika ukuta kwa mikono miwili. Bi Mwanakhamis alivipanda akiwa bibi harusi, akavipanda na mimba mbili, akavipanda miaka na miaka na sinia la mikate ya mofa kichwani. Kwa hiyo siku ile ya mwanzo wa mwezi wa mfungo nne, wanaume wawili walipomkalisha juu ya kiti cha plastiki wakampandisha juu, baibui linaburura na majirani wanachungulia madirishani, aliona haya ambayo hajapata kuiona maishani mwake.

"Sikubebwa siku ya harusi yangu," alisema alipopata pumzi, na ilimchukua kitambo kuipata, "nije kubebwa leo na meno yamelegea."

Aida, bintiye anayeishi naye, alicheka kwa kuwa aliona mamake anataka watu wacheke. Moyoni hakuwa na kicheko.

Ugonjwa ulikuwa wa kifua. Watu wa mtaa waliuita pumu, lakini daktari alisema si pumu, ni njia za hewa zilizobanwa na moshi, na moshi huo Bi Mwanakhamis aliujua vizuri. Miaka arubaini aliinamia mofa, lile tanuri la udongo, pale uwandani, akipachika mikate ya mtama kwenye kuta za moto, akipuliza makaa, akikohoa, akifuta macho kwa upindo wa leso, akiendelea. Mofa lilikwisha kuzimwa zamani, ila moshi wake ulibaki kifuani.

Alasiri ile ile akaja Khubaib, mwanawe mkubwa, ambaye ni karani wa kampuni moja ya malori kule Shimanzi na nyumba yake iko Ganjoni. Alivua viatu, akambusu mamake mkono, akakaa.

"Mama, utahamia kwangu. Nyumba yangu iko chini. Hakuna kidato hata kimoja."

"Na majirani wapo?"

"Wapo, Mama. Wamejaa tele."

"Wawajua majina?"

Khubaib akatazama dari.

"Basi mimi nikae na watu wasio na majina," alisema Bi Mwanakhamis. "Nitafia dirishani huko, nikitazama gari za watu."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho Khubaib, ambaye si mtu mbaya, ni mtu mwenye hofu tu, akasema neno lake. "Nakupa mpaka mfungo sita, kabla ya Maulidi. Nitakuja mwenyewe. Utoke hapa, wende mpaka kwa Nyevu ununue mboga, urudi, upande ngazi hizi kwa miguu yako, pasi kubebwa wala kushikwa mkono. Ukiweza, sisemi tena. Usipoweza, Ganjoni."

"Nimekubali," akasema Bi Mwanakhamis, na Aida akamkata jicho kakake, maana siku ile mama alikuwa hawezi kutoka kitandani mpaka chooni pasi kupumzika katikati.

Hospitali iliwapeleka kwa Menza, mtaalamu wa mazoezi, kijana wa Kigiriama mrefu mwenye sauti ya taratibu. Menza alimpachika Bi Mwanakhamis kibanio kidoleni cha kupimia hewa ya damuni, akaweka kopo mbili za rangi mwanzo na mwisho wa ukumbi, akamwambia azunguke baina yake kwa dakika sita. Alikwenda mita mia mbili na kumi, na mara mbili alisimama kushika ukuta.

"Bibi, nyumbani wafanya kazi gani?" Menza aliuliza.

"Mimi? Mimi ni sultani. Huyu hapa haniachii hata mbuzi ya kukunia nazi."

Menza akamgeukia Aida, na Aida akaanza kujitetea kwamba mgonjwa ni wa kukaa, ndivyo walivyolelewa, mtoto mwenye adabu hamwachi mamake mgonjwa akafagia. Menza hakumgombeza. "Dada, mapafu haya hayatakuwa mapya," alisema. "Ila miguu yaweza. Mguu wenye nguvu huomba hewa kidogo. Mguu uliolala huomba nyingi, na ndiyo hiyo mamako hana. Umemkalisha kwa mapenzi, na miguu yake imelala."

Neno lile lilimchoma Aida, maana ni kweli. Siku ile ile alimrudishia mamake mbuzi, ufagio na kisu cha mboga.

Basi wakaanza. Mara mbili kwa wiki walikwenda hospitali kwa tuk-tuk, na siku nyingine mazoezi yalikuwa nyumbani. Bi Mwanakhamis alikaa kwenye kigoda na kuinuka pasi kutumia mikono, mara tano, kisha nane, kisha kumi na mbili. Aliinua chupa mbili za mchanga. Alijifunza kuvuta hewa puani na kuitoa kwa midomo iliyokunjwa, taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Alifanya hayo yote kwa makini aliyokuwa akiukandia unga, bila kuruka siku, hata siku za joto ambazo shuka zilimganda mwilini. Aida alikuwa akimtazama akiwa mlangoni, amejishika mikono yake mwenyewe isije ikaenda kumsaidia.

Wiki ya tano Menza alipima tena. Mita mia mbili na tisini, na hakusimama hata mara moja. Menza mwenyewe alitoa macho.

Lakini nyumbani ilikuwa kinyume. Kutoka mlangoni mpaka kwa Nyevu, muuza mboga wa pembeni, hapazidi hatua mia na arubaini, na Bi Mwanakhamis hakufika. Kila alipojaribu alirudi kutoka nyumba ya nne, midomo imekuwa ya zambarau, Aida amempa bega. Siku moja, mbili, wiki nzima. Khubaib alisikia, akapiga simu. "Aida, kule hospitali ni sakafu ya vigae. Hapo ndipo palipo maisha yenyewe. Anza kufunga nguo zake."

Aida hakufunga nguo. Kesho yake alimwacha mamake atangulie, akamfuata nyuma kama hatua kumi, akitazama.

Mlango wa kwanza palikuwa na kinamama wawili. Bi Mwanakhamis akawasalimu, wakamsalimu, huku akitembea. Baraza la pili alikaa Maalim Mwinyihaji, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye salamu zake hazijapata kuwa fupi.

"Asalaam aleikum, Bi Mwanakhamis."

"Waaleikumu salaam, Maalim."

"Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi."

"Wana hawajambo? Khubaib? Watu wa Ganjoni? Na yule mjukuu aliyeng'oka jino?"

Kila swali lilipata jibu lake kamili, na miguu haikusimama, kwa kuwa kichochoro ni chembamba na nyuma palikuwa na mkokoteni wa maji unaotaka kupita. Mwenye mkokoteni naye akasalimu, akajibiwa. Kufikia nyumba ya nne Aida alikuwa amehesabu watu kumi na mmoja, na mamake hajapata nafasi ya kupoza uji hata mara moja. Ndipo akakumbuka jambo: kule ukumbini Menza huwakataza wagonjwa kusema wakati wa kutembea.

"Mama, si miguu," alimwambia walipofika nyumbani. "Ni salamu. Kesho nitatangulia niwaambie wasikusalimu."

"Ukawaambie nini? Kwamba mamako amekuwa bubu?" Bi Mwanakhamis alikuwa amekaa chini, anapoza uji wake taratibu, na maneno yalitoka moja moja. "Mtu akipita Kuze pasi kusalimiwa, Aida, huyo ni maiti. Na hata maiti huombewa."

Siku mbili Bi Mwanakhamis hakutoka. Alikaa anachagua mchele, punje kwa punje, uso umekunjamana. Siku ya tatu akavaa baibui lake akasema, "Twende. Lakini leo usinisemeshe."

Alishuka, akatembea kimya mpaka baraza la kwanza, akaketi. Hapo ndipo aliposalimu, salamu ndefu, za watoto na wajukuu na paka, huku kifua kinatulia. Kisha akainuka pasi kutumia mikono, kama kwenye kigoda, akaenda kimya mpaka kwa Maalim Mwinyihaji. Maalim alipoanza salamu zake kwa mbali, Bi Mwanakhamis aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akaja, akaketi kando yake.

"Waaleikumu salaam, Maalim. Nilikusikia."

"Naona sasa wakagua mabaraza, kama afisa wa kaunti."

"Nakagua. Lako lina vumbi." Akavuta hewa, akaitoa. "Maalim, nikitembea sina pumzi ya kusema. Nikikaa ninayo. Nisalimu nikiwa nimekaa. Usinione nina kiburi."

Maalim alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa kupenda kila jambo liwe na hukumu yake. "Anayeswali husalimiwa akawa hajibu kwa ulimi, na hapana anayemlaumu," alisema mwisho. "Basi mwendo wako nao tuuheshimu vivyo hivyo. Nitawaambia wenzangu."

Na akawaambia, kwa kuwa Maalim hana siri. Baada ya wiki kichochoro kizima kilijua. Bi Mwanakhamis akitokea, watu waliweka mikono vifuani kimya, na waliokaa mabarazani walisogea kumpa nafasi. Siku ile alipofika kwa Nyevu kwa mara ya kwanza, alikuwa ameketi mabaraza matano. Wiki iliyofuata, manne. Aida hakuwa na la kufanya ila kumfuata kwa macho. Alikuwa amemjua mama huyu miaka thelathini na miwili, na alidhani amekwisha kumjua.

Khubaib akaja kama alivyoahidi, Jumamosi ya mwisho ya mfungo tano, bado na shati la kazini. Alifuata nyuma pamoja na Aida, akimtazama mamake akitembea, akiketi, akicheka na watu, akiinuka. Mabaraza matatu tu. Kwa Nyevu mama alichagua mchicha, akaukataa ule wa juu, akachagua matango na bilingani.

"Bi, nikutafutie wa kukuchukulia?" Nyevu aliuliza.

"Gawa mifuko miwili, mizito sawasawa. Mkono huu na huu."

Akarudi na mifuko yake. Mlangoni alisimama akapoza uji mara sita, kisha akakanyaga ngazi. Vidato vitano, akapumzika. Vidato vinne, akapumzika. Khubaib alikuwa nyuma yake mikono imenyooka, kama mtu anayesubiri sahani ianguke, na Aida amemshika shati.

Kidato cha kumi na saba Bi Mwanakhamis alisimama, na safari hii hakuendelea. Mabega yalipanda na kushuka. Mfuko mmoja ukagonga ukuta.

"Mama, basi," Khubaib alisema. "Imetosha. Nipe mifuko."

Mamake aliinua kidole kimoja tu cha mkono uliobeba matango, yaani ngoja. Wakangoja. Aida aliisikia hewa ikitoka kwa midomo, ndefu, taratibu, ikarudi, ikatoka tena. Alihesabu mpaka ishirini, kisha akaacha kuhesabu. Mguu wa kulia ukainuka. Kidato cha kumi na nane, cha kumi na tisa. Alivimaliza vyote hivyo kimoja kimoja, hakushika ukuta, akaingia sebuleni, akaweka mifuko chini mwenyewe, akaketi mkekani.

Pumzi ilipomrudia aliuvuta mfuko wa mchicha, akaanza kuuchambua.

Khubaib aliketi kwenye kidato cha juu kabisa, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akatoa simu akampigia mkewe.

"Kile chumba tulichomwekea Mama," alisema. "Warudishie watoto vitanda vyao. La, mzima. Mzima kabisa. Haji."