Rika Lililobaki Barabarani

Thomasi alirudi Arusha siku ya soko, akitokea Upare alikotumwa kufundisha neno la Mungu. Alipoondoka, Boma la Wajerumani lilikuwa halijajengwa. Sasa alikuwa na viatu, alivyovitundika begani visiishe kwa safari, na mvi alizoletewa mapema na homa za kule. Karibu na Kisongo alikuta vijana wakivunja kokoto za barabara, na mmoja wao alikuwa Parsimei, rafiki yake waliyetahiriwa pamoja.

Parsimei hakuwa amebadilika. Shingo ilikuwa ile ile nyembamba, na kovu la gotini lilikuwa bado bichi. Aliziona mvi za Thomasi, akaweka nyundo chini, akainamisha kichwa ili aguswe utosini, kama kijana anavyomsalimu mzee.

"Mimi ni Lerionka," alisema Thomasi, akitaja jina lake la kabla ya ubatizo.

"Nakujua. Lakini una mvi."

Kichwa kiliendelea kuinama. Thomasi akaweka kiganja juu yake, kwa kuwa hakuona la kufanya jingine.

Jioni dada yake, Namelok, alimweleza mambo yalivyokwenda huku akikamua mbuzi. Baada ya vita na Wajerumani Boma lilipiga marufuku vijana kukusanyika, basi sherehe ya kuwavusha kuwa wazee haikufanyika, na rika zima likabaki pale pale. Hawakuzeeka, hawakuoa. Boma lilipotaka vijana wenye nguvu wa kujenga barabara, liliwachukua wao, na mwaka uliofuata likawachukua wao tena. Thomasi alikuwa mbali, marufuku haikumfikia. Namelok hakuona ajabu yoyote, ila alisema vijana wale wanakula sana.

Tangu siku ile Thomasi hakutulia. Alianza sala akaziacha katikati. Akiketi alisimama, akisimama alitoka nje kutazama upande wa Kisongo. Aliwafuata wenzake kambini, nao walimpisha mahali pazuri karibu na moto. Walizungumzia mzinga wa asali waliouiba pamoja kana kwamba ni juzi, na Parsimei akamwigiza mwenye mzinga alivyowakimbiza. Thomasi alicheka, lakini jina la mtu yule lilikuwa limemtoka. Alipokohoa wote walinyamaza kwa heshima wakidhani anataka kusema neno.

Aliyemletea Parsimei uji alikuwa Sinyati. Wageni walimdhania mama yake. Zamani alikuwa mchumba wake. Alimngoja mpaka akachoka, akaolewa Olasiti na kuzaa, ila uji hakuacha kuuleta.

Sinyati alimfuata Thomasi njiani. "Nenda Boma ukawaombee ruhusa ya sherehe," alimwambia. "Wewe ni mtu wa kanisa, watakusikiliza."

Walimsikiliza kweli. Ofisa wa Kijerumani alimpa kiti, akamwacha aeleze mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: wakishavushwa, watazeeka?

Thomasi aliona kwamba neno moja la uongo lingetosha. Alilitafuta mdomoni, asilipate.

"Watazeeka, bwana. Wote kwa pamoja."

Ofisa alimshukuru kwa kusema kweli. Barabara bado ni ndefu, alisema, na watu wa namna hii hawapatikani kwingine. Ruhusa hakutoa.

Thomasi alipowapa habari hizo wenzake, hawakumlaumu. Koikai, aliyekuwa mcheshi wao tangu utotoni, alisema angalau meno yake yatadumu. Sinyati alichukua kibuyu chake kitupu akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi Thomasi alisimama kwenye mstari wa kazi. Nyapara alimtazama mvi, akamwambia kwa adabu, "Mzee, nenda nyumbani." Hakwenda. Mstari ulipoondoka aliufuata kando ya barabara, akihema, na viatu vikimbana. Parsimei, aliyebeba jiwe begani, alimwona akiachwa nyuma, naye akapunguza mwendo.

Nyapara alimchapa Parsimei kiboko cha mgongo kwa kuchelewesha kazi. Parsimei hakuongeza mwendo. Alimuuliza Thomasi kama kule Upare kuna asali, na Thomasi akaanza kumweleza. Walipofika kwenye kokoto mgongo ulikuwa umeshapona, tayari kuchapwa upya.