Tangi Namba Tatu kwa Inchi Hamsini

Saa nne asubuhi fundi wa kiwanda alifunga televisheni ya plazma ya inchi hamsini ukutani, sebuleni kwa mchomeleaji, akahakikisha kwa pima maji kuwa imenyooka, kisha akamweleza mke wake faida za televisheni hiyo.

"Mama, nyeusi ya hii ni nyeusi kweli, si kijivu kama zile nyingine. Na ukae kwenye kochi, ukae mlangoni, picha ni ile ile. Ila usiache picha moja muda mrefu bila kusogea. Inaganda kwenye kioo, haitoki tena."

Ilikuwa zawadi ya kiwanda ya kumliwaza, maana mumewe alikuwa hajaonekana kwa wiki tatu. Siku aliyopotea aliingia ndani ya tangi namba tatu la mafuta ya kupikia kuziba ufa, na jioni tangi likafungwa. Daftari la getini lilisema alitoka saa kumi. Wafanyakazi pale husaini kuingia na kutoka kwa mkupuo mmoja, asubuhi, ili jioni wasipange foleni. Kiwanda kizima kinajua hivyo, lakini daftari ni daftari.

Fundi alipoiwasha, mume akatokea kwenye kioo. Alikuwa ndani ya tangi na ovaroli yake, akigonga ukuta kwa nyundo. Weusi uliomzunguka ulikuwa weusi kweli.

"Unaona? Kwenye zile za zamani usingemtambua," fundi alisema, akakusanya bisibisi zake.

Mke alijua mumewe alishakufa. Alitaka tangi lifunguliwe amzike, basi. Aliumia mno kuona anavyogonga.

Ofisa utumishi alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alitazama akiwa kwenye kochi, akahamia kigoda cha mlangoni, akatazama tena kutoka jikoni.

"Ndiye," alikiri. "Hata kovu la kidevuni naliona."

"Basi fungueni tangi, bosi."

"Shemeji, tangi limeshajazwa. Na mtu aliyesaini kutoka tutamtoaje?"

Alimaliza chai yake. Akiwa anavaa viatu aligundua kuwa mchomeleaji amekatwa magotini na ukingo wa kioo. Aliona aibu kwa niaba ya kiwanda.

Jumatatu ikaletwa televisheni nyingine, ya inchi sitini na tano. Sasa mume alionekana mpaka buti. Lakini alikuwa ameacha kugonga. Aliketi, nyundo mapajani, macho kwenye mfuniko.

Mke akakumbuka onyo la fundi. Siku nne alisimama mbele ya kioo akimbembeleza. "Baba watoto, sogea kidogo. Hata kidole tu." Watoto walikula wamezunguka meza, na hakuna aliyegombania nafasi, kwa kuwa kila mmoja alimwona baba sawasawa.

Ijumaa asubuhi umeme ulikatika mtaa mzima. Mume akabaki kwenye kioo, ameketi vile vile. Kiwandani watu walipanga mstari getini, wakasaini kuingia, wakasaini kutoka, wakaenda kazini.